Saa ya Kioo Cheusi

Selina Shimba aliuza blauzi za mtumba katika soko la Mlango Mmoja, mjini Mwanza, na mpaka umri wake ulipokaribia miaka arobaini hakuwahi kuvaa saa. Asubuhi aliijua kwa wachukuzi waliotua marobota kwa kishindo. Mchana aliujua kwa jua lililopenya chini ya turubai na kumchoma magoti. Jioni ilikuja yenyewe, pamoja na upepo wa ziwa, akina mama wakikung'uta nguo zilizobaki kabla ya kuzifunga. Mtu mwenye siku ya namna hiyo hana haja kubwa ya saa, na kama si kwa ajili ya baba yake asingeitafuta.

Baba yake, Mzee Shimba wa Kisesa, alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, miaka ile pamba ilipokuwa ikisombwa mpaka usiku. Mwaka wa sabini na sita alitumwa Nairobi kufuata vipuri, akarudi na saa ambayo Kisesa haijapata kuona mfano wake. Haikuwa na mishale. Ilikuwa ya chuma, nzito, na mahali pa uso palikuwa na kioo cheusi kitupu, kama dirisha la nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Mtu akiuliza saa, Shimba aliikinga kwa kiganja, maana mwanga wake haukuonekana juani, kisha akabonyeza kitufe cha pembeni. Namba nyekundu zikawaka ndani ya giza lile, zikazimika. Kioo kiliandika saba, naye akasema saa moja, na watoto waliamini kwamba hesabu hiyo ni sehemu ya udereva.

Watu walimwuliza saa hata wasipokuwa na pa kwenda. Naye hakumtangazia mtu saa bila kuulizwa. Ilibidi umsalimie, umwulize habari za njiani, ndipo uombe. Selina alipokuwa msichana aliwahi kumwona mwalimu mkuu amesimama na baiskeli yake katikati ya barabara, akingoja baba amalize kuinama juu ya mkono wake, na uso wa mwalimu ulikuwa kama wa mtu anayengoja kubarikiwa.

Mzee Shimba alifariki mwaka wa tisini na mbili. Katika siku za msiba saa ilipotea. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka mpaka Usagara, na hakuna aliyetaka kumtaja mtu mbele ya kaburi jipya. Mjane wake, Mama Suzana, alisema tu kwamba mwenye kuichukua ameichukua, na watu wanyamaze.

Katika ukoo wao, anayeachiwa nyumba huvishwa kitu alichokivaa marehemu. Aghalabu ni bangili ya shaba. Wazee huketi, kitu kikavishwa mkononi, mrithi akapuliziwa kifuani maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, na tangu hapo nyumba ni yake, pamoja na makaburi yaliyo nyuma yake na wageni wanaoijia. Mtoto wa kike naye huvishwa, akiwa ndiye pekee, kama alivyokuwa Selina. Na bangili ikipotea, mhunzi hufua nyingine kwa mfano wa ile ya kwanza. Wazee wakikiri kwamba zinafanana, inapokewa kama ileile. Lakini Shimba hakuacha bangili. Alizivua zote alipoanza kushika usukani. Alivaa saa.

Miaka mitatu ikapita bila mtu kulisemea jambo hilo. Kisha Kisesa ikabadilika. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, magari yameongezeka, na viwanja vya kando ya barabara, ambavyo zamani mtu alivilalamikia kwa sababu ya vumbi, vikaanza kuulizwa na watu wa mjini. Nyumba ya Shimba ilikuwa kando ya barabara. Siku moja Mama Suzana aliwaona wanaume wawili wakiupima uwanja wake kwa hatua, na aliyekuwa akiwaonyesha mpaka alikuwa shemeji yake, Josephat.

Josephat hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila msimu alimlimia shemeji yake shamba la mihogo bila kuombwa. Lakini aliona nyumba ya kaka yake haina mwenyewe, na nyumba ya namna hiyo kwa desturi hurudi kwa ndugu. Wale wanaume walitaka kujenga nyumba ya wageni. Alimwita Selina akamweleza bila ukali. Akileta kitu alichokivaa baba yake, au mfano wake, yeye Josephat atakuwa wa kwanza kupuliza maji. Mavuno yakimalizika bila kitu, atawaitikia wanunuzi, na mama atapewa chumba kwake.

Mama Suzana hakutaka chumba kwa mtu. Mume wake alikuwa amelala nyuma ya jiko, na kila asubuhi alifagia pale kabla ya kufagia uani.

Ndivyo Selina alivyoanza kutafuta saa.

Wakati huo mji ulikuwa umejaa saa. Zilikuja kutoka Dubai katika mabegi ya wafanyabiashara, zikamwagwa juu ya mikeka kando ya mitaa, zikaning'inia shingoni mwa machinga kama shanga. Selina alianzia hapo. Machinga wa Makoroboi alimwonyesha saa ya namba yenye mkanda wa rangi ya fedha, na bei yake haikuzidi sahani ya wali na samaki. Kwa mbali ilifanana na ya baba. Aliposhika mkanda, rangi ilibaki kwenye kidole gumba. Na kila saa ilipogonga, ilipiga muziki mwembamba wa kuchekesha. Alijaribu kuwaza wazee wameketi, na muziki ule ukilia kutoka mkononi mwa mrithi. Akairudisha.

Katika Mtaa wa Lumumba palikuwa na duka lenye kabati la vioo, na muuzaji wake alikuwa kijana wa Kihaya aliyeitwa Venant, mwenye shati lililopigwa pasi na ulimi mwepesi. Selina alipomweleza anachotafuta, Venant hakucheka. Alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka saa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma cha kweli, imara, na namba zake nyeusi zilisimama wazi juu ya kioo cha kijivu usiku na mchana. Bei yake ilikuwa ya viatu vizuri. Ya pili ilikuwa na kioo cheusi. Selina alisogeza mkono, akausimamisha kabla ya kuigusa.

"Ibonyeze, dada," Venant alisema. "Haiumi."

Akabonyeza. Namba nyekundu zikaja, zikaenda.

Venant alimweleza kwamba hii si ya zamani. Ni mpya, imetengenezwa kwa sura ya zile za zamani, kwa sababu huko ng'ambo watu wamechoka na saa za kuonyesha kila kitu, sasa wanazikumbuka za ujana wao. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya robota zima la blauzi, lile la daraja la kwanza ambalo Selina hulinunua mara moja kwa msimu na kulila polepole.

"Hii ya viatu inaonyesha saa wakati wote," Selina alisema.

"Wakati wote."

"Na hii mpaka uiombe."

"Mpaka uiombe."

"Halafu hii ya kuomba ndiyo ghali?"

"Ndiyo ghali, dada. Hata mimi nilimwuliza bosi wangu. Alinitazama kama mjinga."

Venant alifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawafanyi. Alichukua bisibisi ndogo, akafungua migongo ya zote mbili, akamwonyesha tumbo la kila moja. Mkanda wa chuma ulikuwa uleule, uzito ulikaribiana, na betri ya ile ya bei ndogo ingedumu miaka, wakati hii nyingine ilikula betri kama mtoto anavyokula pipi. Alimwambia kwa uaminifu kwamba angekuwa yeye, angenunua ile ya viatu, na kingine chochote anacholipia mtu katika hii ya pili ni kioo tu. Kama angeinunua, basi asiibonyeze ovyo. Betri iliyomo ilitoka nayo ng'ambo, na haijulikani imekaa kabatini muda gani.

Selina aliondoka bila kununua. Jumapili alikwenda Kisesa akamweleza mama yake. Alisema ile ya viatu ni imara, nayo ni ya chuma, na wazee hawataona tofauti. Mtaji wake ungebaki. Alitarajia mama, ambaye maisha yake yote alifunga senti katika pindo la khanga, amwambie achukue hiyo.

Mama Suzana alikuwa akichambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Ya baba yako haikumwonyesha mtu kitu," alisema. "Nunua ile nyeusi."

Selina alibisha kidogo. Mama aliendelea kuchambua dagaa.

Basi msimu huo Selina hakufungua robota. Wenzake wa soko walipoona meza yake ina mabaki ya msimu uliopita, sketi zisizo na vifungo na blauzi za rangi zilizochoka, walitaka kujua kuna nini. Alipowaonyesha mkono, Bernadeta, jirani yake wa meza, mwanamke wa Muleba mwenye mdomo usiopumzika, aliishika saa ile akaigeuza huku na huku.

"Robota zima umelifunga mkononi," alisema. "Sasa wateja wakija utawapimisha nini, Selina? Utawavua saa uwavalishe?"

Walicheka, na Selina akacheka nao, na kila mmoja akataka kubonyeza. Alisahau onyo la Venant, au hakusahau ila hakuweza kukataa. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kuwa mtu anayeombwa kitu cha namna ile. Walibonyeza wa mitumba, wakabonyeza wa nyanya, akabonyeza mchukuzi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo kichwani. Na alipofika Kisesa siku moja kabla ya kikao, jamaa walikuwa wamekwisha kuanza kuwasili, shangazi na wakwe na watoto wao, na uani pakawa na foleni. Kila aliyemkumbuka Mzee Shimba alitaka kuona tena ule wekundu. Shangazi mmoja aliuona akalia. Akaomba auone tena. Selina alikinga kwa kiganja kama alivyoona baba yake akifanya, akabonyeza, akabonyeza, na moyo wake ulijaa.

Kikao kilifanyika asubuhi iliyofuata, chini ya kivuli cha ukuta, jua lilipokuwa bado la upole. Wazee waliketi kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Josephat alikuwa katikati, na mbele yake kulikuwa na kibuyu cha maji yenye unga wa mtama. Mama Suzana alikaa juu ya mkeka pembeni, miguu ameinyosha. Selina alipiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta?"

Akanyosha mkono. Josephat aliuchukua kwa mikono miwili, akaitazama saa kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo. Wazee wengine walisogea. Mmoja alisema ni yenyewe. Mwingine alisema ya marehemu ilikuwa pana kidogo. Josephat akasema kinachotafutwa ni mfano, na mfano anauona. Akamwomba aiwashe, ili wote wakiri kwa macho yao.

Selina alikinga kwa kiganja, akabonyeza.

Giza la kioo halikutikisika. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kucha. Mahali fulani nyuma ya nyumba kuku alikuwa akitetea, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Selina alijua mara moja kilichotokea, na aliwaona wote, mmoja mmoja, wa nyanya na wa mitumba na shangazi aliyelia, na vidole vyao. Alijaribu kueleza habari za betri. Maneno yalimtoka ovyo. Kisesa hapakuwa na betri ya aina ile.

Josephat aliuachia mkono wake. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeletewa habari ambayo hakuiomba.

"Jana iliwaka mbele ya watoto," alisema. "Leo, mbele ya kibuyu, imekufa. Mimi si mganga, lakini nina macho. Kaka hakubali."

Wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Mmoja aliuliza kama kikao kinaweza kusogezwa, akajibiwa kwamba kitu kikishakataliwa mbele ya kibuyu hakirudishwi. Josephat aliinama kukichukua kibuyu ili amwage maji yale uani, na yakimwagwa jambo limekwisha. Selina alibaki amepiga magoti, mkono umenyoshwa bado. Aliwaza nyumba ya wageni, na watu wasiojulikana wakitupa maji machafu nyuma ya jiko.

"Josephat," mama alisema. "Weka chini."

Hakupaza sauti. Mwanamke hasemi katika kikao cha namna ile asipoulizwa, na kwa sababu hiyo wote walimgeukia. Alivuta miguu yake akakaa vizuri.

"Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka gani?"

Josephat alifikiri. "Sabini na saba."

"Betri za saa ya kaka yako zilitoka wapi?"

Mama Suzana alitazama mikono yake. Ilionekana wazi kwamba neno lililokuwa likija halikuwa jepesi, kwamba alikuwa amelibeba kwa hiari na sasa analitua kwa kulazimishwa.

"Alikuja na mbili za akiba. Zikaisha. Ya mwisho ilivujia ndani, ikala nyaya. Saa ile ilikufa, Josephat, hata miaka miwili haijafika tangu aje nayo. Ameivaa imekufa mpaka siku mlipomwosha."

Mzee mmoja alisema haiwezekani. Yeye mwenyewe alimwuliza saa mara nyingi, na marehemu alibonyeza, na alimjibu.

"Alibonyeza," mama alisema. "Aliikinga na kiganja akabonyeza. Kabla ya hapo alikuwa ametazama kivuli, au amesikia kengele ya misheni, au lori la nani limepita. Akitoka kitandani alikuwa anasimama mlangoni, anatazama nje kwanza, ndipo anaivaa. Aliniambia, Suzana, watu wamezoea kuniuliza. Nisiposema, watamwuliza nani? Akanikataza nisimwambie mtu. Sikumwambia hata huyu." Akamwonyesha Selina kwa kidevu. "Leo nimesema. Yeye ndiye atakayenihukumu, si ninyi."

Josephat alikuwa bado ameshika kibuyu. Aliuliza swali polepole, kana kwamba anauliza mtu mwingine.

"Siku tuliyokwenda kumposea mwanangu Magu. Aliniambia tumechelewa, ni saa nne."

"Mlichelewa?"

"Tulichelewa."

Akaketi. Kibuyu alikiweka chini, katikati ya miguu yake. Selina aliushusha mkono wake mapajani na kuitazama saa. Aliikumbuka ile ya viatu, yenye kioo cha kijivu, ambayo ikifa kila mpita njia anajua imekufa. Baba yake asingeweza kuivaa hiyo hata wiki moja. Alikuwa amelala macho usiku mwingi akiulaumu moyo wake kwa ajili ya robota lile, na sasa aligundua kwamba lawama ile haikuwepo tena, ila palipokuwa na lawama pamekuja kitu kizito zaidi, huruma kwa mtu mzima aliyesimama mlangoni kila alfajiri akijifunza saa ya siku hiyo.

Hakumhukumu mama yake. Alimtazama tu, na mama akageuza uso.

Josephat alisimama. Alichukua funda la maji, akampulizia kifuani, mara ya kwanza, mara ya pili, akataja jina la baba yao na la baba wa baba yao. Wazee waliitikia. Unga ulimkauka Selina juu ya gauni, mweupe. Hakuna aliyepiga vigelegele mpaka shangazi alipoanza, na hata yeye alianza kwa sauti ya chini.

Baada ya chakula, wageni walipokuwa bado wananawa mikono, Josephat alimwita Selina pembeni. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe atawaambia wale wanunuzi kuwa kiwanja hakiuzwi. Kisha akanyosha kidole kuelekea jiko. Bati la upande wa kaburi limeoza, alisema, na mvua za mwaka jana zilikuwa zikimwagikia kuni za mama. Yeye alikuwa akiliziba kwa lami kila msimu.

"Sasa ni lako," alisema. "Kabla ya vuli uwe umelibadilisha."

Selina aliitikia. Mtaji wake ulikuwa mkononi mwake, haukuwaka, na vuli haikuwa mbali. Alimwomba baba mdogo amshikie ngazi, akafunga khanga kiunoni, akapanda kuangalia ni mabati mangapi yatakayohitajika.